Bluzi Nyuma ya Pazia

Kamba ilikuwa ya kijani, ya kufungia mizigo, na ncha yake moja ilikuwa mkononi mwa Bi Rahila, upande wa wanawake. Ncha ya pili ilipita chini ya pazia ikaenda kufungwa kiunoni mwa Nasr, mpiga ngoma. Kwa nini kiunoni? Kwa sababu mpiga ngoma mikono yake ina kazi na miguu yake ina kazi, na kiuno ndicho kilichobaki cha kupokelea habari.

Ndivyo bendi ya Harub ilivyofanya kazi. Harusini wanawake wako kwao na wanaume kwao, na bendi ya wanaume haina ruhusa ya kuwaona inaowapigia. Simu nazo hukusanywa mlangoni zikatiwa kapuni, asije mtu akapiga picha watoto wa watu waliovua abaya zao. Basi Harub na wenziwe hupigia kitambaa. Hawajui kama ukumbi unacheza, unakula au umekwenda zake. Anayejua ni Rahila, dada yake Harub, na anachokijua hukisema kwa kamba. Mvuto mmoja: kolezeni. Miwili: punguzeni. Mitatu: nyamazeni hapo hapo, ama kwa adhana, ama kwa ugomvi.

"Bi Rahila," Nasr aliita kwa Kiswahili chake cha kuokoteza kutoka upande wa pili wakati wanapanga vyombo, "leo usivute kwa nguvu, wallahi. Kiuno yangu bado inauma ile ya Nizwa."

"Kiuno chako kinauma uvivu. Kijana mzima unalia kiuno! Mie nimezaa, na sijamwambia mtu."

Rahila alikuwa na haki ya kusema. Mume wa kwanza alimfia, wa pili alimkimbia, wa tatu alimkimbiza mwenyewe. Kwa miaka mingi aliwafunza wanawake wa Ibra, mji wao, kuendesha gari, na mtu aliyekaa ubavuni mwa mwanagenzi kwenye mzunguko wa barabara, mguu wake juu ya breki ya akiba na malori yanakuja, hana tena kitu cha kukiogopa duniani. Alikuwa akicheka sana. Watu walidhani ni kwa sababu hakupata shida. Wenye kumjua walijua ni kinyume chake.

Bendi yenyewe ilizaliwa jangwani. Harub alipokuwa kijana alifanya kazi kambi ya mafuta, na huko fundi mmoja wa Kimarekani alimwachia gitaa bovu na kikapu cha kanda. Zilikuwa nyimbo za wachunga ng'ombe, za treni, za waume waliokimbiwa na wake zao. Harub, mjukuu wa watu wa Unguja, alisikiliza akasema: muziki huu ni Unguja mtupu, treni tu ndiyo imezidi. Aliporudi Ibra akampata Khattab wa besi, ambaye wazee wake walitoka Bujumbura na yeye mwenyewe alipenda roki ya makelele. Kisha baadaye akaja huyu Nasr. Wakachanganya kila mtu alichonacho, roki, kantri na bluzi, wakatia maneno ya Kiswahili juu yake. Mwanzo watu walicheka, wakauliza hiyo ngoma ya ng'ombe mtaipiga wapi. Sasa walikuwa wakiitwa kuanzia Sur mpaka Nizwa, na leo wameitwa Birkat al-Mauz, kwa Bi Fawziya anayeoza binti yake, kwa vile mama yake Fawziya alikula kiapo kwamba dijei hatatia mguu harusini maadamu yeye yu hai.

Lakini Rahila leo hakuja kwa ajili ya Fawziya. Karibu na jukwaa la bibi harusi, katika nguo ya rangi ya zambarau, alikuwa amekaa wifi yake Alya, mke wa Harub, aliyesusa akarudi kwao Samail tangu kabla ya Ramadhani. Harub alimtaka mkewe arudi. Rahila alitaka arudi zaidi, maana yeye ndiye aliyekuwa akimpikia Harub.

Kisa kilikuwa cha kipuuzi, kama vilivyo visa vinavyovunja nyumba. Siku moja watu walikuja kumposa binti yao, Jumana. Watu wazima, wa heshima, wamekuja na gari zao safi. Alya alipika, akafukiza udi, akapanga halwa. Na Harub, baba wa mtoto, mwenye kuulizwa na mwenye kujibu, alikuwa Sur akipiga harusi ya watu. Aliapa atarudi kabla ya magharibi. Alya akawa anawaambia wageni yuko njiani, yuko njiani, mpaka hao wageni wakatazamana, wakaaga kwa adabu, wakenda zao. Harub aliporudi alisema simu iliishiwa moto, ikazima. Asubuhi yake Alya alimpigia kaka yake aje kumchukua.

Watu wa Samail hawakuwa na maneno mengi. Walingoja Harub aende akaseme. Na Harub, mwanamme anayeweza kusimama na gitaa mbele ya watu elfu, hakuweza kusimama mikono mitupu mbele ya shemeji zake. Badala yake akatunga wimbo.

"Mzuri," Rahila alimwambia alipousikia jikoni, na machozi yalimlenga kweli. "Alya atakuwepo kwa Fawziya. Upige huko. Atausikia, atalainika, tutarudi naye Ibra siku hiyo hiyo."

"Na akikasirika?"

"Kwa wimbo kama huu? Yakhe, nani anakasirika kwa kubembelezwa?"

Basi alasiri ile ukumbi ulijaa. Harub alianza na nyimbo za kuchezeka, Khattab akalivurumisha besi mpaka bilauri zikatetema mezani, na wanawake wakainuka. Mbele ya pazia, karibu na Rahila, palikuwa na sinia ya kutunzia. Mwimbaji haonekani, lakini desturi haikufa kwa sababu ya kitambaa: ubeti ukikugusa unainuka, unacheza mpaka kwenye sinia, unatunza, na njiani unamtazama yule unayetaka ajue kwamba umeguswa. Rahila alikuwa akivuta kamba kwa raha zake. Mmoja, kolezeni. Mmoja tena. Nyuma ya pazia Nasr akaguna.

Alya hakuinuka. Alikaa akila sambusa kidogo kidogo, kama mtu asiyejua sauti ile ni ya nani. Ameilalia sauti ile miaka thelathini.

Halafu gitaa likatulia. Kinanda cha mdomo kikalia peke yake, kwa mbali, na Harub akaanza:

*Nimepika chai yangu, nimeinywa peke yangu,*
*Nimepika chai yangu, nimeinywa peke yangu,*
*Kikombe cha pili kikavu, na mwenye kosa ajijue.*

Mwenye kosa alikuwa Harub mwenyewe. Hivyo ndivyo alivyokusudia. Lakini ukumbi wa wanawake wa asili ya Unguja ukiuambia "mwenye kosa ajijue", umewatupia kuku mchele. Kabla ubeti haujakwisha, Bi Fakhriya alikuwa ameshainuka. Fakhriya na wifi yake Asya walikuwa hawasemi tangu majira ya joto, kwa sababu ya zamu ya maji ya falaj, mfereji wa mashamba, iliyokwenda kwenye migomba ya mmoja ikachelewa kwenye migomba ya mwengine. Fakhriya akacheza taratibu, shingo imelazwa, akapita mbele ya meza ya Asya akaonyesha kwa kidole cha shahada, ajijue, ajijue, akatunza.

"Aka!" Asya akasimama. "Wimbo huo wangu! Nani aliyebaki na kikombe kikavu, si mimi? Shamba langu si ndilo lililokauka?"

Naye akacheza, akaonyesha kidole, akatunza. Ukumbi ukapiga vigelegele. Meza ya nyuma nayo ikapata mwenye kosa wake. Mama yake Fawziya, bibi mkongwe mwenye fimbo, akataka ainuliwe, ana mtu wa kumwonyesha. Alipoulizwa nani, akasema ameshakufa lakini haidhuru.

Rahila aliangua kicheko, kisha akamtazama Alya. Na Alya, pembeni mwa mdomo, alikuwa anatabasamu. Tabasamu la kulizuia, lakini liko. Ameshaingia, Rahila akajiambia. Leo nalala kwangu, sipiki kwa mtu. Akavuta kamba miwili, taratibu, punguzeni, wacheni maneno yasikike.

Maneno yakasikika.

*Wageni wamebisha hodi, mwenye nyumba yuko Sur,*
*Wageni wamebisha hodi, mwenye nyumba yuko Sur,*
*Mama kasema yuko njiani, na njia haina mtu.*

Vigelegele vikapungua. Fakhriya, aliyekuwa ameshapata pumzi ya kucheza tena, akasita. Maji ya falaj hayabishi hodi. Hii ilikuwa habari ya mtu, na ya mtu wa karibu. "Sur?" mtu alinong'ona. "Wageni gani?" "Wa posa, shoga, hukusikia? Ya Ibra ile." Na kichwa kimoja kikageuka, na cha pili, kwa adabu, kama watu wanaotafuta maji ya kunywa, mpaka nusu ya ukumbi ikawa inamtazama mwanamke aliyevaa zambarau.

Tabasamu lilikuwa limeondoka. Alya aliweka sahani chini, akapangusa vidole, akainuka. Hakwenda mbio. Alikuja moja kwa moja mpaka kwenye pazia, akanyoosha mkono, na Rahila, ambaye hajapata kumwachia mtu usukani wake, akaitoa kamba.

Alya alivuta mitatu.

Muziki ulikatika kama uliokatwa kwa kisu. Nasr alitoa sauti ndogo ya mtu aliyeonewa.

"Wifi," Alya alisema. Hakupandisha sauti, ndiyo maana ukumbi mzima ulisikia. "Mwambie kakako nimemsikia. Chai anapika, mashallah. Mie aibu yangu ilikuwa ya sebuleni kwangu, inajulikana na watu wa nyumba mbili. Leo ameipigia ngoma."

"Alya, alitaka kukuomba radhi."

"Nani kaombwa? Kaomba pazia." Akairudisha kamba mkononi mwa Rahila, kwa upole hasa. "Akitaka kusema neno, Samail anaijua. Aje bila ya gitaa. Na bila ya wewe."

Akarudi kukaa. Akachukua sahani yake akaendelea na sambusa. Ilikuwa ni Fawziya aliyeokoa jahazi, akasema kwa sauti kubwa kwamba kwa bahati nzuri chakula tayari.

Rahila alibaki na kamba yake. Alikuwa amewafunza wanawake wangapi kwamba kabla hujageuza gari utazame nyuma yako yuko nani. Na yeye mwenyewe amegeuza bila kutazama. Wimbo ulikuwa mzuri. Wimbo mzuri hausemi na mtu mmoja, unasema na kila mtu, na hilo ndilo alilopaswa kulijua yeye aliyekuwa upande wa kuona.

*

Harub alingoja siku chache, kwa haya. Kisha akamwambia dada yake ampeleke.

"Mbona unajua kuendesha?"

"Najua. Lakini peke yangu nitageuza njiani."

Wakaenda na pikapu yake Rahila, ile inayobeba maspika. Njia nzima Harub alikuwa akisogeza midomo. Milima ilipita, vituo vya petroli vikapita, na Rahila akavumilia mpaka akachoka.

"Unasema nini?"

"Natafuta maneno. 'Ewe uliyeondoka, moyo wangu…'"

"Harub. Usitafute vina."

"Nitasema nini basi?"

"Sema ulichofanya."

"Wote wanakijua."

"Wewe hujakisema."

Akaacha kusogeza midomo. Walipofika Samail, Rahila alisimamisha gari nje ya ukuta wa wakwe, kivulini mwa mitende, akabaki humo, kwa kuwa alikatazwa. Alimwona kaka yake akishuka, akavuta kanzu, akatafuta mahali pa kuweka mikono. Mara mfukoni, mara nyuma, mara kwenye kilemba. Maisha yake yote mikono ile ilikuwa na kitu cha kushika. Mlango ulifunguliwa, mtu akasema ahlan, akaingia.

Rahila alikula machungwa. Alimpigia simu Khattab akagombana naye kidogo, ili wakati uende. Mtoto wa kike wa jirani alikuja akamwuliza kama anauza maspika. Kisha mlango ukafunguka na Harub akatoka, peke yake, amebeba mfuko wa malimau.

Moyo wa Rahila ukashuka. Mwanamme anayetoka kwa wakwe na malimau badala ya mke, hilo si jibu la kupendeza.

"Haya?"

Harub alikaa, akaweka malimau mapajani. "Walimwita. Akaja akakaa, na kaka zake wapo, na mama yake yupo. Nikasema, watu wa Sur waliniomba wimbo tena, nikapiga. Wakaniomba tena, nikapiga. Nikasema, simu haikuzima. Ililia, nikaitoa, nikaona jina lako, Alya, nikairudisha mfukoni. Sikusahau. Nilijua wageni wako nyumbani, lakini pale Sur watu walikuwa wananipenda."

Rahila hakujua habari ya simu. Alimtazama kaka yake.

"Naye akasema nini?"

"Akasema, 'Hilo ndilo nililokuwa nikilingoja.' Basi. Halafu akaniambia wale waliokuja kumposa Jumana wako radhi kuja tena. Wametaka nitaje siku mimi mwenyewe. Kaka yake akasema Alhamisi itawafaa."

"Alhamisi!" Rahila alipiga usukani, honi ikalia. "Alhamisi tuko Jalan!"

Jalan Bani Bu Hassan walikuwa wameitwa kwenye harusi ambayo jimbo zima la Sharqiya lilikuwa likiizungumza. Waliingoja tangu mwaka jana. Khattab alishanunua viatu.

"Najua," Harub alisema. "Nilisema Alhamisi inafaa."

"Na Alya?"

"Atakuja Jumatano kupika, kwa sababu wageni ni wake vilevile. Kubaki, amesema ataona." Akageuza limau moja mkononi. "Khattab ataimba."

"Khattab! Khattab akiimba mbuzi wanakata kamba."

"Ndiyo," Harub alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia kidogo na kupumzika. "Twende zetu."

*

Khattab aliimba. Alisimama Jalan na viatu vyake vipya mbele ya pazia, akasema "bosi, hakuna presha", kisha akaanza chini mno, akapanda juu mno, akapotea katikati akapiga kelele ya roki mahali pa maneno. Rahila, upande wa pili, alivuta kamba mpaka Nasr akaomba amani. Wanawake walicheza, kwa kuwa ni harusi na wamevaa. Lakini mama wa bibi harusi alimjia Rahila akamwinamia sikioni.

"Bi Rahila, mwimbaji wenu yule, yuwapi? Sisi tulimtaka yule."

"Yuko kwake," Rahila alisema. "Anapokea wageni."

"Leo? Alhamisi ya Jalan?"

"Leo hasa."

Mama yule alimtazama, akaona kuna habari, akangoja aambiwe. Rahila akatabasamu, akavuta kamba mvuto mmoja, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakuongeza neno.

Ijumaa asubuhi alipita kwa Harub, Ibra, kabla hata hajalala vizuri. Hakubisha kwa nguvu. Alikuwa na wasiwasi nani atafungua. Alifungua Alya, mikono imejaa unga.

"Karibu, wifi. Njoo usikie mambo ya kakako." Alianza kusema kabla hajafunga mlango. "Wageni wamekaa, kila kitu kizuri, mie niko nyuma ya mlango nachungulia. Baba mtu anachukua dele la kahawa mwenyewe, anataka kuwahudumia kwa heshima. Anamimina kahawa. Anajaza kikombe! Pomoni! Mpaka inamwagika!"

"Loo!" Rahila alishika kifua. Kikombe cha kahawa humiminwa tone tu chini. Ukimjazia mgeni umemwambia anywe aondoke. Hata mtoto wa Ibra anajua.

"Wa kwanza akamjazia, wa pili akamjazia. Hofu imemzidi, maskini, hajui anafanya nini. Mzee wao akatazama kikombe, akatazama mwenziwe. Mie nyuma ya mlango nikakohoa. Nikakohoa mpaka mama yangu akadhani nimepaliwa. Hasikii! Mwisho yule mzee akacheka, akasema, 'Ya Harub, safari ile hukuwepo tukaondoka wenyewe. Leo upo na unatufukuza!' Wakacheka wote. Ndipo likavunjika lile lililokuwa limekaza, wakasoma fatiha ya posa."

"Alhamdulillah! Na Jumana?"

"Jumana anacheka mpaka sasa." Alya alirudi kwenye unga wake, akaukanda kwa nguvu, bila kumtazama Rahila. Mlangoni mwa chumba sanduku lake lilikuwa wazi, na lilikuwa tupu. "Niambie, mtu kama huyu nitamwacha vipi peke yake? Atafukuza Ibra nzima."

Harub alitokea uani na ndoo ya maji. Alimwona dada yake, macho yakamwaka. Alikuwa na swali moja tu, Jalan walicheza, hawakucheza, Khattab aliimbaje; Rahila aliliona likimpanda mpaka kooni. Alifungua mdomo. Alya akainua uso kutoka kwenye unga, akamtazama.

Harub alifunga mdomo, akatua ndoo chini, akafikiri.

"Mlikula nini huko Jalan?" aliuliza.

Rahila alicheka mpaka ikambidi akae juu ya gunia la mchele, na Alya, unga mpaka kwenye viwiko, akacheka naye.